Kaptula za wana wa watemi

Tabora ni mji uliokuzwa na nguo. Kabla ya reli, kabla ya boma la Mjerumani, kilichowaleta watu hapa kutoka pande zote ni pembe za ndovu zilizoshuka pwani na majora ya vitambaa yaliyopanda bara. Ndiyo maana inashangaza kidogo kwamba Waingereza walipotaka kuandaa kizazi kipya cha watawala wa Kiafrika katika mji huuhuu, waliwakusanya wana wa watemi na machifu, wakawapa mabweni, viranja na kengele, kisha wakawavika nguo ileile aliyoivaa tarishi wa bomani: shati na kaptula.

Historia ya Shule ya Tabora imezoea kuandikwa kwa majina ya wakubwa waliopita hapo. Makala hii inaingia kwa mlango mwingine, ule wa sanduku la nguo la mwanafunzi. Ukilifungua sanduku hilo unakutana na mambo mengi: biashara ya misafara, siasa za ukoloni, shule za matajiri wa Marekani, na hatima ya uchifu wenyewe.

Nguo ilipokuwa fedha

Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, kiini cha Tabora ya leo, Novemba 7, 1857. Waliwakuta wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wakikaa kwenye matembe yao, na biashara yote ikipimwa kwa mkono. Mkono mmoja ulianzia kwenye kiwiko na kuishia kwenye ncha ya kidole, karibu nusu yadi. Mikono minne ilifanya shuka, shuka mbili zilifanya doti, na jora la merikani lilikuwa na yadi 30 hivi. Pagazi alipokea posho yake kwa mikono na shuka. Watemi wa Ugogo walitoza hongo kwa doti. Mtama ulinunuliwa kwa nguo, na kesi iliyoelekea kuwa vita ilimalizwa kwa nguo.

Kitambaa kilichotamba zaidi ni merikani, pamba isiyopaushwa iliyofumwa Massachusetts. Meli za bandari ya Salem zilikuwa zikiileta Unguja hata kabla Sayyid Said hajawekeana mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na konseli wa kwanza wa nchi hiyo, Richard Waters, aliyefika Unguja mwaka 1837, alikuwa mfanyabiashara wa hukohuko Salem. Baadaye mji huo ukapata kiwanda chake, Naumkeag, ambacho Afrika Mashariki ilikuwa moja ya masoko yake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Marekani, kati ya 1861 na 1865, vilipokausha shehena, vitambaa vya Uingereza na vya Bombay vikaziba pengo, lakini wanunuzi wa bara waliendelea kudai kilicho kizito na kigumu kama kile walichokizoea. Walikuwa wateja wajuzi. Walikipapasa kitambaa, wakakivuta, wakakikataa.

Chini ya merikani kulikuwa na kaniki, ya buluu iliyokoza kutoka India, nguo ya mtu wa kazi. Juu yake kulikuwa na debwani, sohari na barsati, vitambaa vya mistari na rangi vilivyotengwa kwa wakubwa. Mtumwa na pagazi fukara walijulikana kwa kipande kilichofungwa kiunoni, na mwungwana kwa kanzu na kofia. Mtemi wa Kinyamwezi alijulikana kwa kibangwa, kile kipande cheupe cha duara cha kombe la baharini kilichosafiri mwendo wa miezi hadi kufika bara. Mtu alipopita njiani, hadhi yake ilishajulikana kabla hajaitikia salamu.

Mtoto wa ikulu ya mtemi alikulia katika elimu hiyo. Alijua nani avae nini, nani asivae nini, na nini kitampata atakayekosea.

Shule ya Bwana Cameron

Wajerumani walimshinda Mtemi Isike wa Unyanyembe Januari 1893, akajilipua kwa baruti ndani ya boma lake badala ya kukamatwa. Reli ikafika Tabora mwaka 1912. Septemba 19, 1916 majeshi ya Wabelgiji yakauteka mji, kisha nchi ikawa chini ya Waingereza. Gavana Donald Cameron alipowasili mwaka 1925 alikuja na mpango wa utawala usio wa moja kwa moja, na mwaka uliofuata sheria ya mamlaka za wenyeji ikapitishwa. Machifu wangetoza kodi, wangesikiliza mashauri na wangetunza hazina. Kwa kazi hiyo alihitajika chifu anayejua kusoma barua ya Bwana Shauri, yule ofisa wa Kizungu wa wilaya, kuijibu, na kufunga hesabu za daftari mwisho wa mwezi.

Shule ya Tabora, iliyoanzishwa katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1920, ndiyo iliyopewa jukumu la kumtengeneza chifu huyo. Katika miaka ya mwanzo wengi wa wanafunzi wake walikuwa wana wa machifu au vijana walioteuliwa na machifu. Mfumo wake ulichotwa kutoka kwa zile shule za bweni za Uingereza ambako wana wa mabwana hulelewa: wanafunzi wamegawanywa kwa nyumba, kila nyumba ina viranja, viranja wana madaraka, na alasiri zote ni za michezo. Waliotaka kuisifu waliilinganisha na Eton, mojawapo ya shule hizo.

Lakini Eton ilikuwa na kofia ndefu nyeusi, koti lenye mkia na kola iliyokakamaa. Tabora ilipata kaki. Vazi la kila siku katika shule za serikali za Afrika Mashariki wakati huo lilikuwa shati na kaptula, kwa kawaida bila viatu. Mfumo ulikuwa wa kuwalea mabwana, na nguo ilikuwa ya watumishi. Katika mji ambao watu wake walikuwa wamezoea kusoma cheo kwenye kitambaa, pengo hilo halikuwa dogo.

Mtoto wa Salem na vijana wa Groton

Ili kuliona vizuri pengo hilo, tuvuke bahari hadi kulekule merikani ilikotoka. Mwaka uleule Burton alipofika Kazeh, 1857, alizaliwa mjini Salem mtoto aliyeitwa Endicott Peabody, katika ukoo uliopata utajiri wake kwa biashara ya meli. Alisomea Uingereza, akarudi kwao kuwa mchungaji, na mwaka 1884 akaanzisha huko Massachusetts shule ya bweni ya wavulana iitwayo Groton. Yeye naye alikuwa amechota kwenye kisima kilekile cha Uingereza ambacho Tabora ingekuja kuchota miaka 40 baadaye: nyumba, viranja, ibada, mchezo wa mpira, na imani kwamba kijana wa tajiri asipopata taabu ataharibika.

Taabu hiyo waliipata. Kijana wa Groton alilala kwenye kijumba kisicho na mlango, akatundika nguo zake ukutani, akanawa kwa maji baridi kwenye beseni la bati. Franklin Roosevelt, rais wa baadaye wa Marekani, aliyeingia hapo mwaka 1896 akatoka 1900, alipitia hayo yote licha ya mali ya kwao. Ila ilipofika saa ya chakula cha jioni, kijana huyohuyo alitakiwa aonekane amevaa kola ngumu na viatu vyeusi vya kung'aa. Mchana aliishi kama kuruta, usiku akavaa kama bwana. Shule ilimkumbusha kila jioni alikokuwa akipelekwa.

Kati ya vita viwili vya dunia shule za namna hiyo, Groton, St. Paul's, Andover, Exeter, Choate, Lawrenceville, zilikuwa na utaratibu wa mavazi uliojificha. Nyingi hazikuwa na sare kwa maana tuliyoizoea sisi. Zilidai koti na tai, basi. Lakini ndani ya "koti na tai" kulikuwa na mtihani mzima. Koti liwe la sufu nzito ya twidi, lisibane mabega. Suruali iwe ya flana ya kijivu. Shati liwe la pamba nene, na mwenye uwezo alilinunua Brooks Brothers, duka la New York ambalo kola yake yenye vifungo kwenye ncha ilikuwa alama ya ukoo. Mchezaji hodari alipewa sweta yenye herufi ya shule kifuani, na ambaye hakuipata hakuthubutu kuivaa. Kijana aliyetoka familia mpya, mwenye suti ghali kuliko wote, angeweza kuchekwa kwa sababu suti yake ilikuwa mpya mno.

Wadogo nao walikuwa na kaptula yao. Katika miaka ya 1920 mtoto wa Kimarekani alivaa suruali pana iliyofungwa chini ya goti, na siku ya kuvaa suruali ndefu kwa mara ya kwanza ilikuwa siku ya kuhesabiwa mkubwa. Siku hiyo ilifika akiwa bado kijana. Hakuna mtu aliyetarajia aingie utu uzima na ile ya gotini.

Zilikuwapo pia shule za kijeshi, kama Culver ya Indiana na Valley Forge ya Pennsylvania, ambako mwandishi J. D. Salinger alimaliza mwaka 1936. Hizo zilikuwa na sare kamili, vifungo na gwaride. Wazazi waliwapeleka huko vijana waliohitaji kunyooshwa.

Marekani iliyofika Tanganyika

Elimu ya Tanganyika iliguswa na Marekani, ila si ile ya Groton. Mwaka 1924 ujumbe wa Mfuko wa Phelps-Stokes wa New York ulizunguka Afrika Mashariki chini ya Thomas Jesse Jones, na miongoni mwa wajumbe alikuwa James Aggrey, msomi mashuhuri mzaliwa wa Gold Coast. Taarifa yao ilitoka mwaka 1925, na serikali za kikoloni ziliisoma kwa makini. Mfano waliouleta ulikuwa wa Hampton na Tuskegee, vyuo vya Wamarekani weusi vya kusini mwa nchi: elimu ya kilimo, useremala, afya na tabia njema.

Huko Tuskegee, kiongozi wa chuo hicho, Booker T. Washington, alikuwa amefanya mswaki, kifungo na kola safi kuwa sehemu ya masomo. Wanafunzi walivaa sare, wakapanga mstari, wakakaguliwa kuanzia kichwani hadi miguuni. Aliyekosa kifungo alitolewa kwenye mstari. Nyuma ya ukaguzi huo kulikuwa na hoja nzito: watu waliotoka utumwani juzi wangehukumiwa kwa mwonekano wao, kwa hiyo wasimpe adui sababu. Lakini kulikuwa pia na dharau, ile ya kudhani kwamba mtu mweusi anahitaji kufundishwa usafi kabla ya kufundishwa hesabu.

Hapo ndipo Shule ya Tabora ilipokaa, kati ya Marekani hizo mbili. Kazi yake ilifanana na ya Groton: kumwandaa kijana atawale. Nguo yake na ukaguzi wake vilifanana na vya Tuskegee. Mwana wa mtemi alifundishwa uongozi akiwa amevaa kitambaa cha anayeongozwa.

Pasi ya mkaa na upindo wa kaptula

Kaki ilipendwa kwa sababu za kawaida kabisa. Ni imara, bei yake ni nafuu, na kiangazi cha Tabora, vumbi linapotimka kuanzia Juni hadi mvua za kwanza, haioneshi uchafu upesi. Jora la kaki lilikaa kwenye kila duka la Mhindi, na barazani mbele ya duka alikaa fundi na cherehani yake ya kukanyaga. Vipimo vya kaptula vilikuwa vichache: kiuno, paja, urefu hadi juu kidogo ya goti. Ujuzi ulikuwa kwenye upindo. Mzazi mwenye busara alimwomba fundi, "Mwachie nafasi, anakua," na fundi akakunja kitambaa vidole vitatu au vinne kwa ndani. Kila kijana alipochipua, upindo ulifumuliwa kidogo, na mstari wa rangi ya zamani ukabaki ukizunguka paja kama pete za mti zinavyohesabu miaka yake. Kaki mpya ilikuwa nzito na yenye rangi ya mchanga mbichi. Iliyofuliwa mwaka mzima ilikaribia weupe. Kwa hiyo hata ndani ya sare ungeweza kumjua mgeni na mwenyeji.

Shati jeupe lilidai kazi zaidi. Lilifuliwa kwa sabuni ya mche, likasuuzwa kwenye maji yenye bluu kidogo ili weupe wake ukolee, kisha likatiwa uji mwepesi wa wanga wa muhogo ili likakamae. Baada ya hapo ikaja pasi ya mkaa. Kuitumia pasi hiyo kulikuwa na ufundi wake: kupepea mkaa hadi ushike, kuyumbisha pasi ili majivu yatoke, kuijaribu kwenye kitambaa cha zamani, na kuomba cheche isiruke. Cheche moja ilitosha kuacha tundu la kudumu kifuani. Asiyepata pasi alikunja kaptula kwa mstari, akaitandika chini ya godoro na kuilalia usiku kucha. Asubuhi ilikuwa na mkunjo mkali wa kumridhisha kiranja.

Na kiranja aliridhishwa kwa taabu. Ukaguzi ulianzia kwenye kucha, ukapanda kwenye kola, ukashuka kwenye vifungo. Sehemu iliyochakaa kwanza ilikuwa makalioni, kwa sababu ya mabenchi, na kiraka cha makalioni hakikuwa aibu ilimradi kimeshonwa vizuri. Aibu ilikuwa tundu lisilo na kiraka.

Hapa ndipo sare ilipofanya kazi ambayo huenda walioitunga hawakuikusudia. Mwana wa mtemi wa eneo tajiri na mwana wa jumbe wa kijiji cha mbali walipanga mstari mmoja wakiwa na kiraka kilekile. Kibangwa kilibaki nyumbani. Kanzu ya sikukuu ilikaa chini ya sanduku. Kadiri miaka ya 1930 ilivyosonga na shule ilivyofungua mlango kwa vijana wenye akili wasio na uchifu wowote, tofauti zilizidi kuyeyuka kwenye kaki.

Majirani waliovaa vingine

Haikuwa lazima iwe kaptula. Uganda, shule ya King's College Budo ilifunguliwa mwaka 1906 kwa ajili ya wana wa wakubwa wa Buganda, na picha za miaka yake ya mwanzo zinaonesha vijana wakiwa kwenye kanzu nyeupe. Unguja nako, katika shule za serikali, kanzu na kofia vilikuwa vazi la darasani kama vilivyokuwa vazi la msikitini. Kwenye shule hizo mtoto hakuvuliwa heshima ya kwao ili asome.

Kusini mwa Tanganyika, huko Malangali, mwalimu Bryant Mumford alijaribu kitu kingine kuanzia mwaka 1928. Aliwaita wazee wa kikabila waje shuleni kufundisha mila, akaweka ngoma na kurusha mikuki kwenye ratiba. Wapo waliolisifu jaribio hilo kama heshima kwa utamaduni. Wapo wazazi waliouliza swali rahisi: kama ni mkuki, kuna haja gani kumpeleka mtoto shuleni?

Tabora yenyewe haikukosa mifano ya mavazi mengine. Mapadre Weupe, waliofika Unyanyembe katika karne ya 19, walivaa joho jeupe lililoigwa kwa Waarabu wa Algeria, ambako Kardinali Lavigerie alianzisha shirika lao mwaka 1868. Kwa mgeni, padre huyo na mzee wa Kiswahili wa Ng'ambo, mtaa wa mjini hapo, waliweza kufanana kwa mbali. Na mitaani, vijana wa beni, ile ngoma ya vyama vya Marini na Arinoti iliyoenea sana wakati na baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walicheza gwaride wakiwa na nguo za Kizungu, vyeo vya Kizungu na nishani za kujitengenezea. Serikali iliwatazama kwa wasiwasi. Mwanafunzi alivalishwa sare ya kutii, na mcheza beni alijivalisha sare ya kuamuru. Mwanafunzi aliyepita sokoni Jumamosi aliziona zote mbili.

Suala la suruali ndefu

Katika makoloni ya Uingereza kaptula haikuwa nguo ya watoto peke yao. Polisi aliivaa, tarishi aliivaa, mpishi wa Mzungu aliivaa akiwa na wajukuu. Wazungu wenyewe waliivaa, pamoja na soksi ndefu na viatu, na jioni wakabadilisha. Tofauti ilikuwa hapo kwenye kubadilisha. Mwafrika wa kazini hakutarajiwa kubadilisha.

Shuleni jambo hilo lilikuwa na uzito wake, kwa sababu wanafunzi wa wakati huo hawakuwa watoto wadogo. Wengi walianza masomo wakiwa wameshachunga ng'ombe miaka kadhaa. Julius Nyerere, mwana wa Chifu Burito wa Wazanaki, alianza darasa la kwanza Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 12. Aliingia Tabora mwaka 1937 na kutoka 1942, kijana wa miaka 20. Mwenzake wa Groton wa umri huo alikuwa chuo kikuu, na suruali ndefu alishaizoea zamani.

Ndiyo maana suruali ndefu, viatu na koti vilikuja kuwa madai kwa kizazi hicho, hata pale ambapo hakuna aliyeyaandika kwenye bango. Karani wa kwanza wa kijiji aliyerudi na suruali ndefu alikuwa amevuka mstari ambao hakuna sheria iliyouchora. Katika baadhi ya shule za enzi hizo kuvaa viatu au suruali ndefu kulihesabiwa ni majivuno ya kuadhibiwa. Walimu walisema wanawakinga vijana wasijitenge na watu wao. Inawezekana walimaanisha hivyo. Lakini hawakuwa wakijikinga wao wenyewe.

Waliotoka kwenye mstari huo

Mabingwa wa utawala usio wa moja kwa moja walipata sehemu ya walichokitaka. Kutoka Tabora alitoka Abdallah Said Fundikira, aliyekuja kuwa Mtemi wa Unyanyembe. Alitoka Kidaha Makwaia wa Usukuma, ambaye mwaka 1945, yeye na Abdiel Shangali wa Machame, walikuwa Waafrika wa kwanza kuteuliwa kwenye Baraza la Kutunga Sheria. Hawa walikuwa machifu wasomi hasa, kama walivyoagizwa.

Lakini kwenye mstari uleule alikuwapo Nyerere, na simulizi za maisha yake zinaeleza kwamba alipofanywa kiranja alipinga upendeleo waliokuwa wakipewa viranja wa kupata mgao wa chakula maradufu ya wenzao. Katika shule iliyojengwa juu ya imani kwamba mkubwa anastahili zaidi, hoja hiyo ilikuwa inang'oa msingi. Haikuanzia kwenye nguo, lakini ilifuata mantiki ya nguo: ikiwa tumevaa sawa, kwa nini tusile sawa?

Baada ya masomo ya chuo cha Makerere, Uganda, Nyerere alirudi Tabora kufundisha St. Mary's, shule ya Mapadre Weupe ambayo leo ni Milambo. Mwaka 1954 chama cha TANU, kilichodai uhuru, kikazaliwa, na Januari 1958 kilikutana Tabora kuamua kama kishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu, mkutano unaokumbukwa kwa Uamuzi wa Busara. Uhuru ulikuja mwaka 1961, na Fundikira akawa waziri katika serikali hiyo. Mwaka 1963 serikali hiyohiyo, iliyoongozwa na mwana wa chifu, ikafuta mamlaka ya machifu nchi nzima. Shule iliyofunguliwa ili kuuimarisha uchifu ilikuwa imemsomesha mtu aliyeufunga.

Haitakuwa haki kusema kaptula ndiyo iliyofanya hayo. Zilikuwapo sababu nyingi, za kodi, za ardhi, za dunia iliyokuwa ikibadilika baada ya 1945. Ila mtu anayelala, kula na kukaguliwa miaka mitano sambamba na wana wa makabila mengine, wote wamefanana, hawezi kutoka akiamini kwa urahisi kwamba damu ya ikulu ina rangi yake.

Serikali huru na kitambaa

Wenye kaptula walipokuwa wakubwa, nao walishika mkasi. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 tai na suti za Kizungu zilianza kutazamwa kwa jicho la pembeni, na shati-koti la mikono mifupi lisilo na tai likawa vazi la kiongozi. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, kupiga marufuku sketi fupi, nywele za bandia na suruali za kubana kuanzia Januari 1, 1969. Wamasai nao waliandamwa wavae "kistaarabu". Ukiyatazama kwa makini, ni ukaguzi wa mstarini uliohamishiwa mitaani, na kiranja sasa alikuwa na kadi ya chama.

Shuleni sare ilibaki na ikaenea. Ile kaki ya wachache ikawa ya wote, shati jeupe likawa la nchi nzima. Shule ya Tabora yenyewe ilikuja kuwa ya mchepuo wa kijeshi, kwata na kombati vikawa sehemu ya maisha ya mwanafunzi, jambo ambalo mzazi wa Valley Forge angelielewa mara moja.

Leo hoja imerudi kwa sura nyingine. Januari 2016 serikali ilifuta ada katika elimu ya msingi na sekondari hadi kidato cha nne, lakini sare bado inatoka mfukoni kwa mzazi. Kwa mkulima wa tumbaku wa Urambo au Sikonge mwenye watoto watatu shuleni, Januari ni mwezi wa shati, kaptula, sketi, sweta na viatu, mara tatu. Upande mwingine, shule za mchepuo wa Kiingereza zinashindana kwa makoti ya rangi, tai na nembo zenye maandishi ya Kilatini, kwenye joto la Dar es Salaam. Mtoto wa miaka sita anafungwa tai kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Wamiliki wanajua wanachokiuza. Wanamuuzia mzazi ile jioni ya Groton, ile ahadi kwamba mtoto huyu anapelekwa mahali.

Sare ya Tabora ya zamani haikuahidi chochote kwa anayeitazama. Ilikuwa na aibu ya kikoloni ndani yake, na hiyo haifai kusamehewa kwa sababu tu waliovaa walifanikiwa. Lakini iliweza kufanya jambo moja ambalo makoti ya sasa yanashindwa: ndani ya uzio, ilimfanya mtoto wa mwenye nacho asitambulike. Kamati ya shule inayokaa kuchagua rangi ya sweta ingefaa ianze kwa kujiuliza kama sweta hiyo itafanya vivyo hivyo, kisha iende dukani kuuliza bei.